Simu ya mama inaangukia saa ya kikundi cha Hisabati. Nifanyeje?

BintiMaji

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo.

Nipo Dresden, Ujerumani, mwaka wa pili, nasomea uhandisi wa maji. Naombeni mnisome hadi mwisho. Swali langu ni la simu, lakini nyuma yake kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Tangu nimefika huku nampigia mama kila siku saa 3 usiku kwa saa za nyumbani. Hiyo ndiyo saa yake: kazi zimekwisha, wadogo zangu wanajiandaa kulala, amekaa na simu iko mapajani. Wakati wa kiangazi saa 3 ya kwao ni saa 2 ya huku, kwa hiyo nilikuwa nimesharudi chumbani, nimekula, naongea naye nikiwa nimejilaza. Halafu ikafika Jumapili ya mwisho ya Oktoba, tarehe 26, saa za huku zikarudishwa nyuma na tofauti ikawa saa mbili. Kwa mama hakuna kilichobadilika, saa 3 yake ni ile ile. Kwangu imekuwa saa 1 usiku, na kila Jumanne na Alhamisi saa 1 usiku niko katikati ya kikundi cha Hisabati.

Kwa msiojua ratiba za huku: kipindi kimoja ni dakika 90. Cha kwanza kinaanza 7:30, sisi tungesema saa 1:30 asubuhi, na mwezi huu wa Desemba jua linachomoza kipindi kimeshaanza. Cha sita kinaisha saa 12:10 jioni, na hapo giza limeingia tangu saa 10. Saa zenyewe nazitafsiri mara mbili. Mjerumani akisema "halb acht", neno kwa neno ni "nusu nane", lakini maana yake ni 7:30, yaani nusu ya kuelekea nane. Muhula wa kwanza neno hilo lilinifikisha darasani saa nzima baadaye. Nilisimama mlangoni mhadhara umebakiza nusu saa, watu karibu mia wamenigeukia, na siku hiyo sikupata nguvu ya kuingia.

Kikundi chetu ni watu watano. Tunakutana saa 12:30 jioni hadi saa 2 usiku kwenye chumba kidogo cha maktaba. Ikifika saa 1 natoka, nasimama kwenye ngazi karibu na mlango wa nje, naongea na mama dakika 20 au 30, na nikirudi wameshafuta ubao na kuandika swali jingine. Wananieleza kwa kifupi, kwa upole, na mimi naitikia kana kwamba nimeelewa. Wiki iliyopita sikwenda kabisa.

Sasa jambo lenyewe. Hisabati nilifeli Februari. Huku alama zinahesabiwa kinyume: 1.0 ndiyo ya juu kabisa, 4.0 ndiyo ya mwisho ya kufaulu, 5.0 umefeli. Matokeo yalipotoka nilimwambia mama, "Nimepata tano," nikanyamaza nikisubiri aulize. Mama akamshukuru Mungu. Akawaita wadogo zangu, "Njooni, dada yenu kapata tano!" Nikasikia makofi. Sikumsahihisha siku ile, wala kesho yake, na sasa imepita miezi kumi. Nikimpigia kila siku bila kukosa ni kama nalipa deni. Nikikosa siku moja naona kama nimemdanganya mara mbili.

Siku zangu nyingine ni za kawaida. Ijumaa na Jumamosi jioni nafanya kazi kwenye ghala la vifurushi. Naishi hosteli, vyumba vinne kwa jiko moja. Mwezi uliopita nilikuta karatasi kwenye friji inaomba vyombo visigonganishwe baada ya saa 4 usiku. Najua ni mimi, kwa sababu nikitoka ghalani ndipo napika. Tangu hapo nikisikia mtu yuko jikoni nasubiri atoke ndiyo niingie. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, barabara kimya, na mara nyingi nalala tu mpaka mchana.

Kurudia mtihani ni Februari. Nimwambieje mama kwamba Jumanne na Alhamisi sitapiga, bila kumwambia kwa nini Hisabati inanihitaji hivyo? Au nimwambie yote?

Kaka_wa_Aachen

Mdogo wangu, karibu. Mimi niko mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu huku Aachen, na shahada ya kwanza niliisoma hapa hapa, kwa hiyo hiyo ngazi ya maktaba naijua ingawa si ile ile.

Nianze na kikundi, maana naona hujaambiwa uzito wake. Kwenye mihadhara mingi ya huku hakuna anayeita majina. Mhadhara ukiisha watu wanagonga meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo shukrani yao, wanavaa makoti wanaondoka. Usipokuja mwezi mzima hakuna atakayekuuliza. Mara nyingi hakuna jaribio la katikati ya muhula la kukuonya kwamba umebaki nyuma, alama nzima iko kwenye mtihani mmoja wa mwisho. Kwa mtu aliyezoea mwalimu anayefuatilia, huo uhuru unaweza kumpoteza kabla hajajua. Mimi ulinipoteza muhula mzima. Kikundi ndicho kinachochukua nafasi ya yule mwalimu. Hao wanne ndio watu pekee katika mji mzima wanaojua kama umeelewa sura ya tatu au hujaelewa. Na wewe unawaitikia kwa upole ili wasijue! Acha hilo kwanza, kabla hata ya suala la simu. Sema "sijaelewa". Rafiki yangu mmoja wa hapa aliniambia miaka baadaye kwamba alikuwa akinieleza mambo ili ayaelewe yeye mwenyewe vizuri, na nilipokuwa nikiitikia haraka nilikuwa namnyima nafasi hiyo.

Pili, nenda kwenye ofisi ya wanafunzi wa idara yenu, ile inayoitwa Fachschaft. Kwa kawaida wanatunza mitihani ya miaka iliyopita na wanaitoa kwa anayeomba. Chukua yote waliyo nayo. Mkikutana Jumanne, kaeni na mtihani mmoja mzima na saa mezani.

Tatu, na hili lifanye leo kabla hujalala: fungua mfumo wa chuo uhakikishe umejisajili kwa mtihani wa Februari. Sehemu nyingi kuna tarehe ya mwisho, na ikikupita hufanyi mtihani hata kama umesoma usiku na mchana. Soma pia kanuni za mitihani za kozi yenu ujue una nafasi ngapi. Kwenye kozi nyingi ni tatu kwa jumla, na ukizimaliza kozi hiyo hiyo ni vigumu kuipata tena hata chuo kingine cha nchi hii. Sisemi kukutisha. Nafasi ya pili ifanye kama ndiyo ya mwisho.

Kuhusu simu: siku mbili kati ya saba. Mama bado anabaki na tano. Naona hiyo hesabu haina ugomvi.

Na karatasi ya friji si chuki. Kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi ni muda wa utulivu karibu kila nyumba ya huku, na watu wengi huona kuandika ni adabu zaidi kuliko kukugongea mlango. Kesho mwambie mwenzako "samahani, nilikuwa natoka kazini". Mara nyingi jambo linaishia hapo.

Zamu_ya_Jioni

Dada, jibu fupi la ghala tu. Weka daftari la siku ulizofanya kazi. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya anaruhusiwa siku kamili 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na zamu isiyozidi saa nne inahesabiwa nusu siku. Zamu ikichukua muda wa saa tano, hiyo umeshapoteza siku nzima. Ongea na msimamizi mapema, mwambie Februari una mtihani na unaomba wiki mbili bila zamu. Waajiri wa wanafunzi wamezoea ombi hilo, mradi lisije siku ya mwisho. Mimi nilichelewa kuomba, nikaingia kwenye mtihani wa Fizikia nimetoka zamu jana yake usiku, mikono bado inauma. Usifanye hivyo.

Baltiki

Naomba nimpinge kidogo Kaka wa Aachen. Kwenye kikundi na mitihani ya zamani amesema kweli yote. Kwenye simu namwomba binti awe mwangalifu.

Mimi nilikaa mji wa kaskazini, karibu na Bahari ya Baltiki. Mwaka wangu wa kwanza nilishauriwa nipunguze simu za nyumbani ili "nikae huku kweli". Nilipunguza, halafu nikakata. Nilijiambia ni mpaka mitihani iishe. Ikafika Januari nikagundua kwamba kwa siku nyingi mfululizo sijasema sentensi hata moja ya Kiswahili kwa sauti. Nilikuwa naota ndoto zisizo na maneno. Asubuhi sikuweza kuinuka, mchana nikafunga pazia kwa sababu hata ule mwanga mdogo ulinichosha, chakula nikala mara moja kwa siku. Nilidhani ni uvivu, nikajichukia kwa uvivu huo. Mitihani miwili kati ya minne sikuifika.

Aliyenitoa ni mwanafunzi wa chumba cha jirani ambaye hatukuwa hata marafiki. Alinipeleka kwa mshauri wa kisaikolojia wa Studierendenwerk, shirika lile lile linaloendesha hosteli na Mensa, yaani mkahawa wa chuo. Huduma hiyo mara nyingi ni bure kwa mwanafunzi, na baadhi ya sehemu wanaongea Kiingereza. Nilikwenda mara sita. La kwanza nililoagizwa lilikuwa dogo sana: toka nje kila siku mchana kabla ya saa 8, hata kama ni mawingu, nusu saa. La pili lilikuwa nimpigie dada yangu siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo BintiMaji, hamisha saa, usiiondoe. Na umesema Jumapili unalala mpaka mchana na jikoni unasubiri watu watoke. Hayo mawili yamenishtua kuliko Hisabati. Ule mto Elbe unapita katikati ya mji wenu, una majani na njia ndefu ya miguu kando yake. Jumapili saa 5 asubuhi uwe umeshafika hapo.

Kaka_wa_Aachen

Ndugu Baltiki, pole, na asante kwa kunisahihisha. Niliandika kama mtu anayepanga ratiba. Namuunga mkono: Jumanne na Alhamisi zihamishwe, zisifutwe. Ujumbe wa sauti asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza, mama atausikiliza akipata nafasi.

Mama_Msubiri

Marahaba mwanangu BintiMaji. Mimi si mwanafunzi, ni mama. Kijana wangu anasoma Finland, mwaka wa nne sasa. Huko kiangazi saa zao na zetu zinalingana kabisa, na majira ya baridi wanabaki nyuma saa moja, kwa hiyo habari hii ya kurudisha saa naijua.

Naomba nikueleze upande wa pili wa simu. Kijana wangu alikuwa akinipigia kila siku saa 4 usiku. Mimi naamka saa 10 alfajiri. Ikifika saa 3 usingizi umenijaa, nanawa uso, natembea ukumbini ili nisilale kabla hajapiga. Mwaka na nusu nilifanya hivyo. Sikumwambia, nilihofia atajiona hana mtu. Alipokuja likizo akanieleza kwamba naye alikuwa anaacha mazoezi ya mpira kila siku ili awahi simu yangu, maana alihofia nitajiona nimeachwa. Tulikaa jikoni tukatazamana. Sasa anapiga Jumatano na Jumapili, na katikati ananitumia sauti. Zile sauti nazisikiliza nikiwa nafagia uwanja, mara mbili mbili, na nadhani namjua zaidi sasa kuliko wakati ule, kwa sababu anasimulia kitu kimoja kilichotokea badala ya kusema "niko salama, na nyie je".

Simjui mama yako. Labda yeye anaisubiri simu hiyo kwa furaha yote. Muulize.

Kuhusu ile tano. Mwambie, mwanangu. Usimwambie usiku, habari ya usiku mtu analala nayo. Mwambie Jumapili mchana, akiwa na muda wa kuzunguka zunguka na hasira yake. Anza na hesabu: huku namba ndogo ndiyo kubwa. Halafu mwambie ulinyamaza siku ile kwa sababu ulisikia makofi. Usimpe sababu nyingine, hiyo ni ya kweli na inatosha. Mpe na tarehe ya kurudia. Atakasirika, na akikasirika usikate simu na usilie kumzidi. Kitakachomuuma zaidi ya mtihani ni kwamba aliwaita watoto. Mwombe radhi kwa hilo peke yake.

BintiMaji

Wapendwa, zimepita wiki mbili na siku kadhaa. Nimesoma majibu yenu mara nyingi, mengine nikiwa kwenye tramu.

Usajili wa mtihani nilikuwa sijafanya. Kaka wa Aachen, nilifungua mfumo usiku ule ule, zilikuwa zimebaki siku nne. Bado mikono inanitetemeka nikifikiria. Mitihani ya zamani nimepata ya miaka sita.

Jumapili iliyofuata nilikwenda mtoni kama Baltiki alivyoniambia. Kulikuwa na ukungu, mbwa wengi na wenye mbwa wao. Saa 6 mchana nikampigia mama nikiwa natembea, kwake ni saa 8. Nikaanza na hesabu, kama Mama Msubiri alivyonielekeza. Akaniuliza, "Kwa hiyo moja ndiyo ya juu?" Nikasema ndiyo. "Na tano?" Nikamwambia. Akanyamaza muda mrefu, nikasikia kuku nyuma yake. Nikamwomba radhi kwa ajili ya wadogo zangu, kwamba niliwasikia wakipiga makofi nikashindwa kuwanyamazisha. Akasema, "Sawa, nimesikia," akaniaga. Huwa haniagi bila dua. Siku ile hakuiweka.

Jumatatu nilipiga, hakupokea. Jumanne nikaenda kwenye kikundi na simu nikaiacha ndani ya begi, nimeizima sauti. Saa 1 ilipofika nilitazama mlango, nikabaki nimekaa. Kulikuwa na swali la mfululizo wa Taylor ambalo tangu mwaka jana nilikuwa naliitikia tu. Nikasema sijaelewa. Mwenzetu mmoja akaanza kulieleza, akakwama katikati, ikabainika kwamba wawili wengine nao walikuwa hawajaelewa. Tulilimaliza saa 2 kasoro dakika chache.

Nilipotoka nikakuta ujumbe wa sauti wa mama. Sekunde 40. Amesema amewaeleza wadogo zangu mwenyewe, nisiwe na mzigo huo. Amesema siku za kikundi nisipige, na kwamba kwa kweli saa 3 usiku huwa ameshachoka sana ila hakutaka kunivunja moyo. Halafu akasema, "Nataka hiyo moja. Lakini umesema nne ni kufaulu, basi hata hiyo nne naipokea." Na dua akaiweka mwishoni, ile ndefu.

Sasa napiga Jumatatu, Jumatano na Jumapili mchana. Siku nyingine namtumia sauti. Jana nilimsimulia kuhusu karatasi ya friji, maana niliongea na mwenzangu, akaniambia si lazima niache kupika, nisogeze tu vyombo taratibu na nifunge mlango wa jiko. Mama kacheka. Zamu mbili za Februari nimeshaomba nipumzike, msimamizi amekubali, na daftari la siku nimeanza kuliandika tangu Oktoba kwa kufuata hati za mshahara.

Baltiki, kuamka bado ni kugumu. Nimeandika kwa mshauri, nimepangiwa wiki ya pili ya Januari.

Jumanne ijayo wameniomba nieleze mimi swali la nne la mtihani wa miaka mitatu iliyopita, ni la vikomo. Naenda kulifanyia kazi.